Kibali cha Daktari Mapendo

Siku ya kuniaga, Katibu wetu mpya alinikabidhi daftari kubwa lenye jalada gumu, akaniomba niandike kumbukumbu za kazi ziwafae vijana wanaokuja kushika ofisi ya utumishi. Nadhani alitegemea nieleze namna ya kupanga mafaili. Nitaeleza, maana ni kazi ya heshima na ninyi mnayarundika kama kuni za jikoni. Lakini lipo faili moja nililolikalia miaka kadhaa. Nikiandika mengine yote nikaliacha hilo, nitakuwa nimewadanganya, na uongo nimeshausema wa kutosha.

Jina langu ni Namkunda, ingawa ofisini wengi waliniita Mama Joyce kwa jina la binti yangu. Hospitali yetu ni ya kanisa, iko juu milimani, kwenye barabara inayopanda kutoka Hedaru kwenda Myamba. Nilianza nikiwa mhazili, nikamaliza nikiwa ofisa utumishi. Vyeo vya katikati sitavitaja. Vilikuja kwa kuchelewa, na kiti kilikuwa kilekile.

Siku ya kwanza nilifika na cheti cha uhazili, gauni la kuazima na woga wangu mwenyewe. Nilikuta taipureta ambayo herufi "m" ilikuwa imekatika mguu mmoja, kwa hiyo kila mgonjwa niliyemwandika alitoka kilema. Katibu wa wakati huo alikuwa Mzee Mrutu, mwenyeji wa Kisiwani, mtu mfupi aliyevaa koti moja la kahawia majira yote. Hakunionyesha choo wala mahali pa kunywea chai. Alinipa faili la daktari wa kigeni aliyekuwa anakuja, akasema:

"Binti, mgonjwa akifika hapa anamtafuta daktari. Daktari mgeni akifika hapa anakutafuta wewe. Ukikosea wewe, hao wawili hawakutani."

Nilimwona mzee anayependa kujikweza kwa maneno. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa ananieleza kazi yenyewe, wala hakukuwa na zaidi.

Alinifundisha kusoma hati kwa rula. Unaweka rula chini ya mstari, unasoma herufi moja moja kwa sauti, halafu unaisogeza. Unafanya hivyo kwenye pasi, kisha kwenye fomu, kisha unarudia kwenye pasi. Alinifundisha pia kwamba mgeni hapewi kibali kwa sababu ni mtu mwema, wala kwa sababu sisi tuna shida. Anapewa ikiwa tumeonyesha mambo matatu: kwamba tumetangaza nafasi na hatukumpata Mtanzania wa kuijaza, kwamba yeye ana elimu na uzoefu unaotambulika, na kwamba yuko Mtanzania ambaye atafundishwa mpaka aje amrithi. Hilo la tatu ndilo ofisi nyingi huliandika kama hadithi. Mzee Mrutu alitaka jina la mtu, cheti chake, na sahihi yake. "Usiandike 'atapatikana'," alikuwa akisema. "Hata mvua huwa wanasema itapatikana."

Tulipeleka bahasha Hedaru, tukampa kondakta wa basi la Dar es Salaam, na huko kulikuwa na mtu wa kanisa wa kuipokea. Kisha tukasubiri. Miezi ilipita. Mgeni alisubiri kwao, nasi tukasubiri kwetu.

Mara moja tu tuliteleza. Alikuja dada wa kizungu wa kujitolea, mtaalamu wa meno, wakati kibali chake kikiwa bado kinashughulikiwa. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu na mwenye zamu alikuwa mgonjwa. Tukamwachia ang'oe jino moja. Moja likawa saba kabla wakaguzi hawajaingia. Walikuwa watu wenye adabu, walifanya kazi yao. Yule dada aliambiwa aondoke nchini, hospitali ikaadhibiwa, na Mzee Mrutu alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasomewa barua ya onyo kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mdogo vile. Alistaafu mwaka uleule, akarudi kwao Kisiwani, na sikumwona tena mpaka tulipokwenda kumzika.

Tangu siku ile nikajiwekea sheria: asiye na kibali hagusi mgonjwa. Niliirudia mara nyingi sana, mpaka ikawa kila ninapotakiwa kufikiri nairudia hiyo.

Maombi yalipohamia kwenye mtandao, vijana walinicheka wakidhani nitashindwa. Sikushindwa. Nilijifunza kuskani, kupakia nakala, kubadilisha neno la siri kila lilipokataliwa. Niliacha rula kwenye droo. Kioo cha kompyuta kina mistari iliyonyooka, nikaona hakuna haja.

Daktari Mapendo aliletwa na uhaba. Wakati huo hospitali nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayeweza kupasua, Daktari Msangi, mganga mfawidhi wetu, na mgongo wake ulikuwa umeanza kumgomea. Tulitangaza nafasi gazetini mara mbili. Alikuja kijana mmoja, akaitazama barabara, akashuka na gari lilelile lililompandisha. Ndipo tukasikia habari za mama mmoja Mkongo, mzaliwa wa Bukavu, bingwa wa upasuaji wa akina mama wajawazito. Alikuwa amefanya kazi Kigoma miaka minne chini ya shirika moja, kwa kibali halali, na mradi wao ulikuwa umefikia mwisho.

Kibali cha kazi hakimfuati mtu kila aendako. Kinamfunga kwa mwajiri mmoja na kazi moja. Kwa hiyo ilitubidi kuanza upya: kwanza kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Wakati huo alikuwa na hati ya muda iliyomruhusu kuwapo nchini akisubiri. Kusubiri tu.

Alishuka kwenye gari letu akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpana wa mabega, mwenye kicheko kilichotangulia maneno.

"Mama, baridi hii ni ya kwetu kabisa," aliniambia. "Niko nasikia kama nimerudi nyumbani."

Faili lake nililifanya kwa fahari. Vyeti vyake vilikuwa vya Kifaransa. Nikahakikisha vimetafsiriwa na mtafsiri anayetambulika, na vikapelekwa kwenye tume inayotambua vyeti vya nje. Nikamshughulikia usajili kwenye baraza la madaktari. Wakongo huandika majina yao matatu kwa mpangilio usiofanana na wetu, na nilijua hapo ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nilimpeleka Same kwa wakili akala kiapo kwamba majina ya kwenye cheti na ya kwenye pasi ni ya mtu mmoja. Mrithi wake nilimpata, daktari kijana wa Usangi, kwa jina na sahihi. Mzee Mrutu angeniinulia kofia, kama angekuwa na kofia.

Maombi yakaenda. Baada ya wiki mbili yakarudishwa na maneno machache: hakiki taarifa za pasi.

Nikaona labda nakala imetoka na ukungu. Nikaiskani upya, nikaipakia, nikatuma. Yakarudi na maneno yaleyale. Nikalaumu mtandao, na haki ya Mungu mtandao wa huku juu ukinyesha mvua hufa kama mshumaa. Nikatuma mara ya tatu, yakarudi vilevile.

Daktari Mapendo alikuwa akikaa kwenye nyumba ya wageni. Aliomba afundishe wakunga darasani. Nikamwambia hiyo nayo ni kazi. Akaanza kupalilia bustani mbele ya wodi. Nikamwambia bustani ina mtu wake aliyeajiriwa. Alicheka, akaenda kukaa kwenye benchi na kitabu. Mchana mmoja alipita ofisini.

"Mama Joyce, namba ya pasi waliiona vizuri? Pasi zetu watu wengi wanakosea."

Nilikuwa nimechoka. "Daktari," nikamjibu, "fomu hizi nimezijaza tangu wewe uko shule ya msingi. Niachie kazi yangu."

"Sawa, mama," akasema, akatoka.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa Alhamisi. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumzika. Katibu alikuwa safarini Dar es Salaam na mimi nilikuwa nakaimu. Daktari Msangi alikuwa ameshuka Same jana yake kwa kikao, na gari la wagonjwa alikuwa nalo yeye. Alfajiri ile kipande cha mlima kikaporomoka juu ya barabara, upande wetu ukabaki peke yake.

Saa tatu asubuhi wanaume wanne walifika na machela kutoka kijiji cha karibu na Myamba. Aliyekuwa juu yake aliitwa Nietiwe, na mbele alikuwa mume wake, Elinazi, mkulima wa tangawizi, matope yakiwa yamemfika magotini. Nietiwe alikuwa na uchungu tangu jana yake mchana. Ulikuwa uzazi wake wa pili. Wa kwanza alifanyiwa upasuaji, na mtoto yule hakuishi.

Mkunga wa zamu alikuwa Sista Anjela, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikimbia, kabla wala baada ya siku hiyo. Siku hiyo alikuja ofisini mbio.

"Mama Joyce, kibali cha Daktari Mapendo kimetoka?"

"Hakijatoka."

"Huyu mama hawezi kujifungua kwa njia ya kawaida. Ana kovu la zamani. Anatakiwa apasuliwe sasa hivi."

Daktari Mapendo alikuwa ameshasimama nyuma yake mlangoni. Sijui nani alimwita. Labda alisikia tu.

Nilimpigia Daktari Msangi. Sauti yake ilikuwa inakatika katika mvua.

"Niko Hedaru. Gari haliwezi kupita. Natafuta bodaboda, palipoporomoka nitavuka kwa miguu. Nipeni masaa mawili."

"Daktari, Mapendo yupo hapa."

"Wewe ndiye unayeijua sheria, Mama Joyce. Kibali kimetoka?"

"Bado."

"Basi unajua," akasema, na simu ikakatika.

Hakunikataza, wala hakuniruhusu. Nilimpigia Katibu, simu yake ilikuwa imezimwa. Nilibaki na simu mkononi na wanawake wawili wananitazama.

"Mama," Daktari Mapendo akasema kwa sauti ya chini, "niko naomba uniambie ndiyo. Neno moja tu. Nikifungwa nitafungwa mimi."

Nataka muelewe nilichokiona wakati ule, kwa sababu sikuwa mtu mbaya, na hilo halinisaidii. Nilimwona Mzee Mrutu amesimama mbele ya wafanyakazi. Niliwaona wakaguzi. Nilijiambia masaa mawili si mengi, wanawake wa milimani ni wagumu, Daktari Msangi anakuja. Kuna wengine watasema daktari yeyote anaruhusiwa kuokoa maisha kwenye dharura, awe na karatasi au asiwe nayo. Huenda ni kweli. Sikuitafuta sheria hiyo asubuhi ile. Nilishika ile niliyokuwa nayo mdomoni.

"Siwezi, daktari," nikamwambia. "Tumsubiri Msangi."

Akaenda kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, mikono juu ya magoti, viganja vikitazama juu. Mtu wa usingizi alikuwa tayari ndani. Vifaa vilikuwa vimechemshwa. Elinazi alikuwa amesimama ukutani, anamtazama kila anayepita, kama anayetafuta nani mwenye mamlaka. Sikupita mbele yake.

Saa tano na nusu Sista Anjela alitoka wodini.

"Uchungu umesimama ghafla," akasema.

Kwa masikio yangu ilikuwa kama habari njema. Daktari Mapendo aliinuka palepale. "Kizazi kimepasuka," akasema. Hakuniangalia, hakuniomba tena. Aliingia, na mlango ukafungwa.

Nilisimama nje. Baada ya muda ambao siwezi kuupima nikasikia mtoto akilia, sauti nyembamba, kisha nene. Elinazi akapiga magoti hapohapo kwenye sakafu ya saruji. Halafu wakaanza kutafuta damu. Elinazi alitoa, wawili kati ya wabeba machela wakatoa, nami nilitoa. Haikutosha. Nietiwe alifariki kabla ya saa saba. Daktari Msangi alifika saa nane kasoro, viatu mkononi, amelowa mpaka kifuani.

Jioni ile niliandika kibali cha mazishi. Kina mistari michache. Kilinichukua dakika tano, na kilitoka bila kosa.

Jumamosi nikaenda ofisini peke yangu ili nitoe nakala za maombi ya Daktari Mapendo, nikijua tutaulizwa. Sijui kwa nini nilifungua droo nikatoa rula. Niliiweka kwenye karatasi iliyochapwa, na pasi ikawa pembeni. Jina sawa. Tarehe sawa. Namba ya pasi ilianza kwa herufi O, kama O ya Omari. Mimi nilikuwa nimeandika sifuri. Kwenye kioo cha kompyuta vinafanana kama mapacha. Kwa mashine ilikuwa pasi ya mtu asiyekuwapo duniani, na mara tatu iliniambia nihakiki, na mara tatu niliituma picha nzuri zaidi ya pasi bila kuangalia nilichoandika.

Nilifuta sifuri, nikabonyeza O, nikatuma. Kisha nikakaa kwenye kiti mpaka mvua ikakata.

Barabara ilipozibuliwa, maofisa wa Uhamiaji walikuja. Walikuwa wawili, wapole. Kabla hawajafika, maneno yalikuwa yameshatembea wodini kwamba mama aliyekufa alipasuliwa na mgeni asiye na kibali. Maneno hayo yakamfikia Elinazi kwenye msiba. Akaja ofisini kutoa maelezo yake, na kwa kuwa ndiyo kazi yangu, mimi ndiye niliyeyachapa. Alisema: "Mke wangu aliingia mzima, anaongea. Aliyemtoa akiwa maiti ni mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi hapa." Niliandika neno kwa neno. Nilimsomea, akatia sahihi.

Ofisa mmoja akaniuliza maombi yalikwama kwa sababu gani.

"Mtandao," nikasema.

Hakuuliza zaidi. Asubuhi hiyohiyo mtandao ulikuwa umeigomea na kompyuta yao. Uongo wangu haukuhitaji hata kupambwa.

Sista Anjela alipoulizwa alieleza yote: kwamba mama alisubirishwa, kwamba angeingia chumba cha upasuaji saa tatu pengine angeishi, kwamba bila Daktari Mapendo hata mtoto asingepatikana. Yaliandikwa. Lakini suala lililokuwa mezani lilikuwa moja, kama alifanya kazi bila kibali au hakufanya, na mwenyewe alijibu kwamba alifanya. Alipewa siku chache aondoke nchini.

Nilimsindikiza mpaka Hedaru kupanda basi. Malori yalikuwa yamejipanga pembeni mwa barabara kuu na akina mama wakipitisha ndizi na vitunguu madirishani. Masanduku ya vitabu aliyaacha kwetu. Alisema wakunga wavisome. Tulikaa kwenye kibanda cha chai. Hakuwa akicheka.

"Mama, kosa lilikuwa wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa na nafasi pale. Hakukuwa na ofisa, hakukuwa na Katibu. Tulikuwa wawili na vikombe viwili.

"Ni mtandao, daktari."

Alitikisa kichwa taratibu. "Kwetu tulikuwa tunasema vita," akasema. "Kila kitu kikiharibika, unauliza sababu gani, wanakwambia vita. Hapa ni mtandao."

Basi likaja. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda, akakaa upande usiokuwa wangu.

Kibali chake cha kazi kilitoka siku ya tisa baada ya kuondoka. Nilikichapa, nikakitoboa, nikakifunga kwenye faili lake. Niliipiga namba yake siku hiyo na nyingine nyingi. Mwanzoni iliita, baadaye haikuita tena. Aliyetakiwa kumrithi hakuwa na wa kumfundisha, akahamia Moshi. Daktari Msangi aliendelea kupasua peke yake na mgongo wake mbovu, na wagonjwa waliosubiri barabarani wakiteremshwa Same ni hadithi za watu wengine. Mafaili yao yapo, yasomeni.

Nilibaki kazini. Watu waliniletea matatizo yao ya vibali hata kutoka hospitali nyingine, kwa sababu nilijulikana kwa umakini. Sista Anjela peke yake hakuniuliza jambo. Aliacha kunywa chai ofisini kwangu. Sikumwambia habari ya sifuri, wala yeye hakuhitaji kuambiwa habari ya yale masaa mawili.

Nilipostaafu sikuwa tena na cha kupoteza, jambo ambalo si ushujaa. Siku ya soko nilipanda Myamba, nikauliza kwa Elinazi, wakanionyesha. Nilimkuta uani anaosha tangawizi kwenye beseni. Mvi zilikuwa zimemwingia kichwani, na mtu mwenyewe bado kijana.

"Shikamoo, mama," akasema, akainuka kunikaribisha. Alinitambua. "Wewe si wa pale hospitali? Karibu kiti."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Mtoto yuko shule."

Akaniletea chai. Nilimweleza kabla sijainywa, kwa sababu niliogopa nikiinywa sitasema. Nilimweleza sifuri na herufi O. Nilimweleza kwamba kibali kingekuwa kimeshatoka wiki kadhaa kabla ya Alhamisi ile. Nilimweleza kwamba daktari aliomba kuingia saa tatu, na aliyesema hapana ni mimi, na alipoingia alikuwa ameshachelewa kwa sababu yangu. Nilisema pia kwamba niliulizwa, nikadanganya.

Alinisikiliza akiwa ameshika kipande cha tangawizi, anakisugua kwa kidole gumba mahali palepale ambapo hapakuwa tena na udongo.

"Kwa hiyo yule daktari hakumwua Nietiwe," akasema.

"Hakumwua. Alimtoa mtoto wako akiwa hai."

"Na maelezo yale niliyotoa..."

"Nilikuwa nayachapa mimi. Nilikuwa nimeshajua."

Niliwasikia watu wakipita barabarani wakirudi kutoka sokoni.

"Nimemlaani yule mama," akasema hatimaye. "Kila mwaka siku ile ikifika. Nimemfundisha na mtoto. Anajua kwamba kuna mgeni aliyemwua mama yake." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Yuko wapi?"

"Sijui, baba. Nimemtafuta. Simu yake haipatikani."

"Hujui."

"Sijui."

Nilitaka kusema naomba msamaha. Nilikuwa nimelibeba neno hilo tangu nyumbani. Lakini nilipomtazama niliona kwamba ningekuwa namwomba tena anipe kitu. Alikirudisha kile kipande kwenye beseni, akajifuta mikono kwenye suruali, akatazama juu kulipima jua.

"Maliza chai yako, mama, uende," akasema, bila ukali wowote. "Shule inakaribia kutoka. Sijui nitamwambia nini, na sitaki akukute hapa kabla sijajua."